Bwana Alivyonitia Ziwani na Umri Wangu Huu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Semeni amina kwa nguvu, mimi bibi yenu masikio yamechoka.

Shule niliishia la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nilizaliwa Unguja, Mbweni. Kuogelea sikufundishwa na mtu. Maji yakijaa tu, sisi wasichana tumeshajifunga kanga vifuani, tumo baharini mpaka macho yanakuwa mekundu. Baada ya Mapinduzi nikaolewa, mume wangu akapata kazi ya reli huku London, nikamfuata. Kila mwaka alisema, "Mwakani tunarudi, mke wangu." Mwakani haikufika. Akaugua, akafia hapa, tukamzika kwenye tope la baridi.

Ndugu zangu, nilikufa nikiwa hai! Nililala tu katika fleti yangu Thamesmead, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Kanisani sikuja, mnajua wenyewe. Nikiomba, naomba bahari. Nilikuwa natia chumvi kwenye beseni, natumbukiza miguu, nalia.

Basi mjukuu wangu Neema, muuguzi, mzuri kama mimi zamani, akajiandikisha kuogelea ziwani kuichangia fedha ile nyumba ya wagonjwa wasiopona iliyomtunza babu yake mpaka pumzi ya mwisho. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ameniandikisha na mimi. Nikamwambia ana wazimu. Lakini wale watu wa nyumba ile walimwosha mume wangu kwa mikono ya upole, wakaniwekea na mimi kitanda kando yake. Nitawanyimaje?

Siku ikafika. Ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi majini, ndugu zangu! Wanawake watatu walinisukumia ndani yake kama godoro kwenye foronya. Wenzangu wote wakaingia majini. Mimi nikaketi ukingoni, kanga mabegani. Neema akaogelea, akarudi ukingoni, akauliza kulikoni. Nikamwambia nasubiri maji yajae. Kwetu huingii maji yakiwa yamekupwa, utakanyaga miamba. Na mto Thames pale nyuma ya nyumba yetu nauona kila siku unajaa na kupwa, nikajua na ziwa ni hivyo hivyo.

Neema alicheka mpaka akameza maji. Halafu akanitazama. Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza tangu alipoanza kusema, lakini siku ile alitumia Kiswahili.

"Bibi, haya hayajai. Yako hivi hivi siku zote. Na Babu hayupo. Njoo."

Nikaiweka kanga chini, nikaingia. Baridi ilinikaba koo, nikaliita jina la Yesu mpaka bata wakaruka! Kisha mikono ikakumbuka yenyewe. Nikalala chali, anga lote la London juu yangu lina rangi ya jivu, nami naelea. Maji hayana chumvi, yananuka majani mabichi. Si bahari. Lakini yalinibeba! Nikamlilia mume wangu humo humo, nikazunguka boya, nikatoka mzima.

Hamu ya kwetu Mungu hakuniondolea, sitawadanganya. Hata sasa ninapoandika naitamani Mbweni, mwili unaniuma. Alichoniondolea ni kile kitanda cha fleti nilichokilalia mchana kutwa. Mikono hii iliyokuwa haifungui hata pazia, sasa inawachangia wagonjwa wanaoaga dunia. Asante Yesu!

Mjane mwenzangu, wewe uliyejifungia ndani, mwamini Bwana. Jumamosi asubuhi tuko ziwani. Nitakushika mkono mpaka maji yafike kiunoni. Kutoka hapo mwachie Yeye.