Mama Subiri wa Chumba cha Kusikilizia

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa duka letu la mitambo ya muziki anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini humu ndani halitumiki. Sisi tunamwita Mama Subiri, maana hakuna mteja aliyeruhusiwa kutoa maoni kabla valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya, hazijapata joto kwa dakika ishirini.

Alianzia karakana, kwenye meza ya kulehemu, mwanamke peke yake kati ya mafundi saba waliokuwa wakimtuma chai. Miaka miwili baadaye ni hao hao waliompelekea kazi zilizowashinda, na chai pia.

Sifa yake kubwa ni kuoanisha amplifaya na spika. Mteja akija na spika nzito, huku roho yake iko kwenye amplifaya ya valvu kwa sababu inapendeza sebuleni, Mama Subiri alimkalisha akampa ukweli: wati nane hazitazisukuma spika zile, zitahema tu. Achukue ya transista, yenye nguvu zaidi, au abadilishe spika. Wengine walinuna. Wakikubali, aliwafuata hadi nyumbani, akapima chumba kwa hatua, akakagua mapazia na zulia, akauliza mtoto analala saa ngapi. Mwalimu mmoja wa kwaya alikataliwa mara tatu kuuziwa alichokitaka, na hadi leo hanunui hata waya kwingine.

Mwaka jana mwalimu huyo alirudisha spika alizochaguliwa na Mama Subiri, akisema zinachoma masikio. Mama akazisikiliza, akaona ziko sawa. Sisi wengine tulikunja uso kwa ukali wa sauti. Alitutazama mmoja mmoja, akazima mtambo, akaenda kupimwa hospitali. Jumatatu iliyofuata alisimama kikaoni akatuambia kwamba masikio yake hayashiki tena sauti nyembamba za juu, na kwamba hatawauzia watu kwa kubahatisha. Angeweza kuficha. Mimi, nakiri, ningeficha.

Ila si kazi iliyomuuma zaidi. Dada yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alipiga manyanga, vile vibuyu vya kutikiswa vyenye sauti nyembamba, kwenye bendi ya dansi, na ipo santuri moja waliyorekodi. Siku moja tukinywa chai aliniambia kwamba anasikia magitaa, tarumbeta na waimbaji wote, lakini dada hayumo tena.

Ndiyo maana zawadi yetu ilinichukua wiki tatu. Nilijaribu jozi kumi na moja. Iliyoshinda ni amplifaya ndogo ya valvu na zile spika zenye mdomo wa tarumbeta, ambazo yeye mwenyewe alizipeleka stoo akiziita wapiga kelele. Haziombi wati nyingi, na sauti za juu zinazitoa bila huruma. Kwangu zinakata kama wembe. Nilizichagua kwa masikio aliyo nayo leo.

Jumanne tulimwita kwenye chumba cha kusikilizia, tukimdanganya kuwa ni mtambo wa mteja. Santuri ilikuwa tayari, imetolewa kabatini kwa siri na mume wake, fundi cherehani. Bendi ilipoanza, Mama aliitambua, akatulia na mikono magotini. Kwenye kiitikio mkono wake wa kulia ukaanza kutikisika taratibu, ukifuata manyanga. Aliisikiliza hadi mwisho, akafuta macho, akauliza nani amezichagua spika hizi. Nikasema ni mimi. Akasema ziko sawa, ila nisithubutu kumuuzia mtu mwingine.

Shemeji yetu fundi cherehani tumemwekea pamba za masikio ndani ya boksi, atazihitaji. Nawe Mama, asante kwa miaka yote na kwa ukweli wako wote, hata ule uliokugharimu. Tunakutakia afya njema, siku nyingi, na sebule yenye dada yako ndani.