Panya Wasiokata Tiketi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mkaguzi wa tiketi za treni, mstaafu, aliyezikwa wiki iliyopita. Mjini tulimwita Mzee Onyesha, maana neno lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa hilo: onyesha. Mimi mwenyewe alinikagua mara mbili katika safari moja, na sikuwa nimeinuka hata kitini. Nilipolalamika akanijibu, "Kijana, watu hubadilika njiani."

Mzee Onyesha hakumwamini mtu. Binti yake ananiambia kwamba siku mchumba wake alipokuja kujitambulisha, mzee aliomba kitambulisho, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akakiinua kwenye mwanga. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema binti. "Mpaka leo mume wangu akifika pale kwa wazee anajipapasa mfukoni."

Kisha akastaafu, na shida ikaanzia hapo. Mtu aliyezoea kutembea ndani ya mabehewa kutwa nzima akakaa kwenye kiti, akagoma kutoka. Miguu ikavimba. Daktari akamwambia, mzee, usipotembea moyo huo utakuangusha. Machale yakamcheza. Akamuuliza mkewe, "Huyu anafaidika nini mimi nikitembea?" Mke alibembeleza, binti alilia, kazi bure.

Ndipo panya akatokea.

Ni panya wa rangi, mdogo wa kutosha kiganjani, amechorwa chini kabisa ya ukuta wa duka la viatu, ng'ambo ya barabara. Mke alimtajia tu huku anakunja nguo. Mzee akavaa viatu, akavuka, akainama. Panya ana koti na sanduku la safari. Mkononi hana kitu. Mzee akarudi amekunja uso. "Yule anasafiri," akasema, "na hana tiketi."

Panya yule alikuwa anatazama upande wa posta. Kesho yake mzee akaenda posta. Nyuma ya jengo, kando ya bomba la maji ya mvua, panya mwingine, naye hana tiketi, anatazama darajani. Basi mzee akarudi kazini, wasikilizaji. Kila siku akawa anazunguka mji, na mji ukaanza kumfunulia mambo yake. Aliona simba wa vifuniko vya chupa kwenye uzio wa gereji. Aliona ngazi za maktaba zilizopakwa buluu, ukisimama chini unadhani maji yanashuka. Aliona uso wa mwanamke umejaa ukuta mzima wa ghala. Vyote alivishuku. "Jicho moja la yule mama linanifuata," alilalamika nyumbani, na kesho yake akaenda tena kulihakikisha. Miguu ikanywea. Moyo ukatulia.

Sasa mimi nami nina mashaka yangu. Mjane wake ni mwalimu wa chekechea, mstaafu. Nilipokwenda kumpa pole nikamuuliza bila kuzunguka: mama, panya ni wako?

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, rangi za watoto zilikuwa zimejaa kabatini. Nikimwambia tembea, hatembei. Nikasema ngoja nimpe mtu wa kumshuku. Akijinyoosha mchana, nabeba kikapu, namuaga kwamba naenda sokoni."

Lakini mwaka jana magoti yalimgomea mama huyu. Hakuweza tena kutoka. Aliogopa sana kwamba mzee atarudi kwenye kile kiti, na yeye mke atamzika. Cha ajabu, panya hawakuisha. Kila jioni mzee alirudi na habari: leo kuna mmoja stesheni ana mwavuli, leo mwingine amebeba mtoto mgongoni. Mama akajua anadanganywa. Akamtuma binti akaangalie.

"Nikawakuta," anasema binti. "Ila wabaya, jamani. Masikio kama vijiko, mkia umeotea mgongoni."

Mama akaacha kuuliza. "Suruali ya mzee ilikuwa na rangi magotini," ananiambia. "Nikaifua, nikanyamaza. Yeye miaka yote ile aliniona nikirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu, akanyamaza. Mtu anayekagua kila kitu, mwanangu, kikapu changu hakukikagua."

Hapo akalia.

Baada ya mazishi, majirani walisogeza pipa la maji lililokuwa uani, mbele ya dirisha la chumba cha mzee na mkewe. Nyuma ya pipa, ukutani, kulikuwa na panya. Masikio kama vijiko. Huyu hana mzigo. Ana tiketi mbili mkononi. Moja ina tundu, tundu kweli, limetobolewa kwenye lipu kwa msumari, pale pale pembeni alipokuwa akitoboa tiketi zetu. Ya pili haijatobolewa.

Wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwako yumo mtu anayeaga anakwenda sokoni na kurudi mikono mitupu. Mshuku, sawa. Lakini mshuku pia kwamba anakupenda. Na ukipita mjini, inama kidogo, tazama chini ya kuta, na ukimkuta panya mwenye masikio ya vijiko, usimpake chokaa.

Kwa binti, mkwe na ndugu wote, poleni sana, tunaomboleza pamoja nanyi. Na wewe mama, najua unatusikiliza hapo dirishani. Mkaguzi amepita, amekuona, na tiketi yako hakuitoboa. Kaa nasi kwanza.