Mshale Uliogusa Mstari

Fundi cherehani alirudi kwa treni ya jioni akiwa mshindi asiye na raha. Kwenye shindano lake la kwanza la kulenga shabaha kwa upinde, mshale wake wa mwisho ulitua mpakani mwa duara la pointi tisa na la pointi kumi. Mwamuzi alimpa kumi, akashinda kwa pointi moja, na watu wakaguna. Alishaamua kesho aurudishe ushindi ule.

Kwenye kiti cha mbele yake, mzee mmoja alikuwa akimwambia mama aliyekaa naye, "Yule binti mlimhurumia. Mshale karibu wote ulikuwa kwenye tisa."

"Karibu wote si wote," mama akajibu, na fundi akaitambua sauti ya mwamuzi. "Mshale ukigusa mstari, unahesabiwa pointi ya juu. Niliukagua kwa lenzi pande zote mbili, ukawa umegusa. Wala sikujua ni wa nani."

"Uligusa kidogo sana, mama."

"Hakuna kidogo, baba. Kuna kugusa na kutogusa."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Treni iliposimama, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana, naye akampigia dada yake simu. "Dada, nimeshinda," alisema, "na ni halali yangu."