Bi Matone, Mlezi wa Samaki wa Maabara (1958–2025)

Kabla ya yote tujibu swali ambalo wengi mmetuuliza pale mlangoni: dada yetu amefariki Jumanne, mbona anazikwa leo Jumamosi na si Alhamisi kama mlivyotangaziwa? Mwenyewe aliagiza lisemwe waziwazi. Aliomba ubongo wake uchukuliwe na madaktari ukachunguzwe kabla hajazikwa, na familia ikagawanyika. Mdogo wake wa mwisho, ndiye anayewasomea haya, alikataa. Ili mwelewe kwa nini aliomba jambo zito hivyo, inabidi mumjue alivyoishi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, katika vyumba viwili nyuma ya duka la mshona viatu, akiwa kifungua mimba wa watoto watano. Alipokuwa na miaka kumi na minne mama yetu aliugua miezi mingi, na kitinda mimba alikuwa bado mchanga. Marehemu alimbeba mgongoni, akamlisha, akamwogesha. Chupa ya maziwa aliichemsha mara mbili, halafu akaichemsha tena kwa sababu nzi aliipitia karibu. Mama akamwambia kutoka kitandani, "We mtoto, mdogo wako atakufa njaa akisubiri hiyo chupa ipoe!" Mdogo huyo hakufa njaa. Yuko hapa mbele yenu, na kitambi chake mnakiona.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975. Ilimbidi akae nyumbani miaka miwili kulea, kisha akasomea ufundi wa maabara na kupata cheti mwaka 1979. Mwezi Januari 1980 chuo kikuu kilimwajiri kuosha vyombo vya kioo, na chupa zake ziling'aa hata wanafunzi wakawa wanajitazama nywele humo.

Mwaka 1986, tarehe 9 Agosti, alifunga ndoa na fundi bomba. Fundi huyo alikuja maabara kuziba bomba lililovuja, akaambiwa avue viatu, anawe mara tatu na avae koti jeupe. Akauliza, "Dada, nimekuja kuziba bomba au kupasua mtu?" Akaziba. Wiki iliyofuata akarudi kulikagua. Akarudi tena na tena, na bomba lilikuwa kavu kabisa, mpaka marehemu akamwambia, "Sema shida yako, bomba halina neno." Walipata binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2012.

Kazi iliyomfanya aitwe Bi Matone ilianza mwaka 2006, Profesa wake pale chuoni alipofungua chumba cha samaki. Walikuwa samaki wadogo wenye mistari, urefu wao hauzidi pingili mbili za kidole, na vifaranga vyao vinapitisha mwanga, kiasi kwamba ukiviweka chini ya hadubini unaona mpaka ndani ya kichwa. Profesa alitaka kujua kama vijidudu vya tumboni vinasaidia kuzikuza chembe za kinga zinazolinda ubongo. Kwa hiyo mayai mengine yalisafishwa kwa dawa, yakaanguliwa katika maji yasiyo na kijidudu hata kimoja, na mengine yakaachwa katika maji ya kawaida. Kisha taa ilizimwa ghafla, wakatazama ni vifaranga gani vinashtuka na kuhangaika zaidi. Marehemu ndiye aliyevilisha vile visafi, tone kwa tone, kwa mrija mwembamba. Majirani walipomuuliza anafanya nini huko, alijibu, "Tumbo na kichwa wanapigiana simu kutwa. Sisi tunasikiliza wanasema nini."

Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Kazi ile ilikuwa kila kitu kwake, na mlisha samaki mwenye mkono unaotikisika hana kazi. Akabuni njia: kila alipodondosha, aliegemeza kifundo cha mkono kwenye ukingo wa kisahani chenye vifaranga. Mrija ukatulia, matone yakaenda sawa, na miezi saba ikapita hivyo.

Mapema mwaka 2015 baadhi ya visahani safi vikaanza kuingiwa na ukungu. Profesa akalaumu chujio la maji, akaagiza jingine. Ukungu ukaendelea. Asubuhi moja marehemu alivipanga visahani vyote mezani akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: kila ukungu ulianzia upande wa kulia. Akaangalia mkono wake. Glavu iliteleza kila alipoegemea, na ngozi tupu ya kifundo ikagusa kioo. Alikuwa amevitia vijidudu vile visahani yeye mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kujua.

Alitusimulia baadaye kwamba alikaa kwenye kigoda chake robo saa nzima, akitamani kunyamaza. Kisha akabisha mlango wa ofisi.

"Profesa, chujio halina kosa. Ni mkono wangu huu."

Profesa, ambaye yuko nasi hapa leo, anasema alikasirika sana. Vipimo vya miezi saba vilitupwa, na kazi yote ikarudiwa. Mara ya pili tofauti kati ya samaki wale na wale ilikuwa ndogo kuliko walivyotangulia kujisifu, lakini ilikuwepo, na safari hii ilikuwa ya kweli. Marehemu hakushika mrija tena. Mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2018 alikaa nyuma ya wafanyakazi wapya akiwatazama mikono, na wao wanasema afadhali mtihani wa chuo kuliko jicho la Bi Matone.

Daktari alimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Akamuuliza pia kama amewahi kusumbuliwa na tumbo. Marehemu akacheka mpaka daktari akashangaa. Tumbo lilikuwa likimfunga tangu hajafika miaka hamsini. "Nimechungulia matumbo ya samaki miaka yote hiyo," alisema, "langu likinipigia kelele nasema ni maharage." Daktari alimweleza kwamba kwa wagonjwa wengine huenda shida huanzia tumboni, ila bado haijulikani vizuri. Neno hilo "haijulikani" ndilo lililomkaa moyoni.

Mwaka 2023 alijaza fomu ya kutoa ubongo wake. Fomu ilitaka ndugu wawili watie saini. Binti yake alitia siku ileile. Mdogo wake akasema, "Dada, mimi nitakuzika mzima. Siwezi kukukabidhi vipandevipande." Walibishana miaka miwili. Mwezi uliopita, akiwa hawezi tena kushika kijiko, alimwita kando ya kitanda akamwambia polepole, "Mkono wangu uliharibu kazi mara moja. Wako usiniharibie mara ya pili." Mdogo wake alitoka chumbani. Anajuta mpaka sasa.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri, binti yake akiwa amemshika. Hospitali ikatupa muda wa kutia saini mpaka saa nne asubuhi ya Jumatano. Mdogo wake alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa moja, fomu ikiwa mapajani. Profesa akaja akakaa pembeni yake.

"Mnatafuta nini mle ndani?" mdogo wake akamuuliza.

"Hatujui, ndugu yangu. Tungejua tusingemsumbua."

"Na mkikosa?"

"Tutasema tumekosa. Yeye ndiye aliyetufundisha."

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, wafanyakazi wa chumba cha samaki ambao kila mmoja anadai yeye ndiye aliyegombezwa zaidi, na matangi arobaini na mawili yenye samaki waliolishwa leo asubuhi kama kawaida.

Mdogo wake wa mwisho alitia saini saa tatu na dakika hamsini, zikiwa zimebaki dakika kumi, na mwili tukarudishiwa jana, ndiyo maana tunazika leo. Anawaomba radhi nyote kwa usumbufu, na anamwomba dada radhi kwa miaka miwili ya kumnyima saini.

Dada, ubongo wako wameshaupokea. Pumzika sasa.