Shangazi na Jeshi la Siafu Lililochechemea

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzitia karatasi uhai, mchoraji wetu mkuu wa filamu za katuni anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina kamili na cheo kirefu. Sisi tunamwita Shangazi. Hata mhasibu, ambaye amemzidi umri, humwita Shangazi, na akiulizwa sababu hujibu, "Jaribuni nyinyi kumwita vingine muone."

Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi, mwanagenzi wa mwisho kupokelewa mezani kwake, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya sherehe isiyohitaji kusimama mbele za watu. Nakiri nilishukuru. Shuleni nilisoma kwa lugha mbili, na zote mbili hunikimbia nikitazamwa.

Shangazi alianza kazi kwa kutoboa matundu kwenye karatasi, ili michoro ikipangwa isicheze. Kutoka hapo akapewa brashi azioshe, kisha akaruhusiwa kuchora michoro ya katikati. Kwa wasioifahamu kazi yetu: mhusika akiinua kikombe tu, hiyo ni michoro mingi, kila mmoja umeachana na mwenzake kwa unywele. Unaipanga juu ya meza yenye taa chini ya kioo, unaipekua kwa vidole, na ukibahatika, mkono unainuka. Usipobahatika, unatetemeka kama wa mwenye homa. Shangazi hakutegemea bahati. Baada ya muda mfupi alipewa meza yake, na juu ya meza hiyo wakazaliwa mfalme mlafi, mbuzi mwizi, na yule bibi harusi mwenye chafya ambaye watoto wengi bado wanamwiga.

Mezani ana kioo cha kujitazamia, maana sura yoyote anayoichora huitengeneza kwanza usoni mwake. Siku moja msoma mita ya maji aliingia akamkuta amejikunja kifisi, meno nje. Yule bwana alirudi nyumanyuma hadi mlangoni, akasema mita ataisoma wiki ijayo.

Lakini wengi tunamjua zaidi kama mwalimu. Kanuni yake ni moja: hakuna kuchora mwendo ambao haujatembewa ukumbini. Yeye hutembea kutoka mlango wa stoo hadi dirishani, wanafunzi wanatazama, halafu wanachora. "Mguu kwanza, penseli baadaye," husema. Karibu kila anayeongoza meza katika studio hii alijifunza mwendo kwa kumtazama yeye.

Na hapo ndipo mambo yalipojificha. Utotoni Shangazi alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani, na kifundo cha mguu kikapona kilivyotaka chenyewe. Tangu hapo mguu wake wa kushoto huchelewa kidogo, kama mtu anayeaga mlangoni kisha akakumbuka neno la mwisho. Tulikuwa tumeuzoea, na macho yakizoea hayaoni.

Mwaka huu tulichora filamu ya siafu. Siafu wetu husimama kwa miguu miwili; wa miguu sita mhasibu aliwakataa. Viongozi wote wa meza waligawana onyesho la gwaride, na siku ya majaribio tukakaa kulitazama. Mwongozaji, ambaye ni mgeni kwetu, aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, ndipo akauliza kwa adabu, "Samahani jamani, jeshi zima limechomwa mwiba?"

Aliyeruka kwanza ni fundi sauti, yule anayetengeneza vishindo vya hatua kwa viatu vikuukuu ndani ya trei ya mchanga. "Kumbe ni kosa?" alimaka. "Mimi miaka yote najua ndio mtindo wa studio! Kiatu cha kushoto nimekilegeza kisigino makusudi!"

Mchana huo tulizifungua filamu za zamani. Mfalme anachechemea. Bibi harusi anachechemea. Mbuzi mwizi naye, tena kwa miguu miwili kati ya minne. Tulicheka hadi tukafutana machozi, na Shangazi alicheka kutuzidi.

Kesho yake hakutokea ukumbini. Alimwomba meneja afute sherehe ya kumuaga, akajifungia na meza yake. Mkuu wa wachoraji, mwanafunzi wake wa kwanza kabisa, aliingia kumbembeleza kwamba mguu huo ndio baraka yetu. Alitoka kwa kasi kuliko alivyoingia. "Usinipake mafuta," sote tulimsikia Shangazi. "Kosa ni kosa. Nataka kujua jambo moja tu: niliwafundisha, au niliwaambukiza?"

Studio nzima ilitembea kwa kunyata, kila mmoja akiikagua miguu yake.

Kisha asubuhi moja alitoka na kigoda, akakiweka katikati ya ukumbi, akakaa na karatasi mapajani. "Leo natazama mimi. Piteni mmoja mmoja. Na asiniige mtu!"

Tulipita. Ikagundulika kwamba mkuu wa wachoraji hutembea kama aliyebeba trei ya mayai, na kwamba mhasibu hutanguliza tumbo kama barua ya utambulisho. Dereva alirudishwa apite tena kwa sababu goti lake lilimfurahisha Shangazi mno. Zamu yangu ilipofika niliambaa ukutani, na hakuniambia ninyooke. Alisema tu, taratibu, "Tulia mwanangu, uso siuangalii." Aliendelea kuchora hadi karatasi zikamwishia, huku akiguna na kucheka peke yake, na kila aliyepita alimwambia, "Kumbe wewe ndiwe huyu!"

Gwaride lilichorwa upya kwa miendo hiyo. Mdundo ni mmoja, lakini kila siafu ana mwendo wa mwenyewe. Mwongozaji alilipitisha papo hapo. Anayenung'unika ni fundi sauti peke yake, ambaye sasa inambidi kutafuta viatu vya jeshi zima.

Bila kumwambia, wanafunzi wake walimwongeza siafu mmoja mbele ya wote: mzee mshika bendera, mwenye mwendo wa Shangazi. Juzi walimwonyesha, wakasubiri mikono nyuma kama watoto waliovunja chungu. Alitazama hadi mwisho. Akaagiza karatasi zenyewe, akawasha taa ya meza, akachukua penseli.

"Mbona mmeuficha?" akauliza. "Mnanionea haya? Mguu huu unachelewa zaidi ya hapa!"

Akaurudisha nyuma, mchoro baada ya mchoro, hadi ukawa wake kabisa. Hiyo ndiyo michoro ya mwisho kutoka mezani kwake, na itaonekana katika filamu kama alivyoiacha. Alipomaliza, alimwambia meneja kwamba kwenye sherehe yake atakuja, mradi hotuba ziwe fupi.

Shangazi, asante kwa kila karatasi uliyotuchania tuanze upya. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiotulia. Nenda salama, kwa mwendo wako.