Rubisi Ilisingiziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Shikamooni wazee. Nimesimama hapa na hasira, na mchungaji ameniruhusu nije nayo.

Mnanijua. Natoa ndizi Kituntu kwa baiskeli, mikungu mitatu, minne, hadi sokoni Kayanga. Barabara ilipopanuliwa tulishangilia. Kumbe magari yamepewa nafasi yote, sisi tumeachiwa ukingo wa upana wa kiganja, na pembeni mtaro unaomfika mtu kifuani!

Siku hiyo, asubuhi kweupe, lori likanipigia honi kwenye kona. Ningekwenda wapi? Nikaenda mtaroni na ndizi zangu, mguu ukavunjika. Nikiwa bado chini nasikia watu juu wanasema, "Rubisi hiyo. Asubuhi yote hii!"

Mimi! Tangu nipate kipaimara sijatia hiyo pombe ya ndizi mdomoni. Mguu uliuma, lakini neno lile liliuma zaidi. Na humu humu kanisani mliniombea niache pombe. Mkaitikia amina kwa sauti!

Akaja kunijulia hali mama mmoja, mzee wetu wa kanisa, anayekwenda ibada za nyumbani kwa baiskeli. Akanionyesha kovu la goti. "Kona ile ile," akasema. "Nilinyamaza, niliogopa mtasema nimelewa." Mzee wa kanisa, jamani! Nilicheka, kisha nikalia, maana kuna neno nililikumbuka. Nitalifikia.

Nilipoweza kutembea na mkongojo, tukawatafuta wengine. Kila aliyewahi kuanguka akapaka chokaa pale alipoangukia. Kona ikawa nyeupe. Tukamwita bwana mmoja anayehusika na barabara. Akafika, akatuambia akiwa garini, "Punguzeni rubisi."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, shuka. Sukuma baiskeli hii yenye mikungu mitatu, wewe ambaye hujanywa."

Alishuka, namsifu kwa hilo. Lori moja tu lilipita, naye akaruka mtaroni na viatu vyake vinavyong'aa. Tukamvuta kwa mikono. Hatukumuuliza amekunywa nini.

Leo mtaro wa kona umefunikwa kwa zege na baiskeli zinapita juu yake. Kwingine bado, kwa hiyo hasira yangu naendelea kuitunza.

Asante mama yule wa kovu. Asanteni mlionilimia migomba na kuniletea maji. Ila nawaomba, mtu akianguka, nendeni kwanza mkatazame alipoangukia.

Sasa lile neno. Humu ameketi mjane. Mumewe alianguka na baiskeli akafia kwenye kona ile, kabla mimi sijaanguka, na msibani kwake, nikiwa na sahani ya chakula chake mkononi, nilisema, "Rubisi hiyo." Watu wakatikisa vichwa wakakubali.

Dada yangu, nisamehe. Mumeo alikuwa anapeleka kahawa, na hakuwa amelewa. Nasema mbele ya watu, kwa sababu siku ile nilisema mbele ya watu.