Bibi Anayekwenda Kumpokea Mjukuu

Kwenye basi, fundi cherehani alitazama dirishani, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha nyuma. Huko bibi mmoja alikuwa akisimulia kuwa anakwenda gerezani kumpokea mjukuu wake, aliyemaliza kifungo cha kumshambulia binti wa jirani.

"Ni wangu, nikimtupa nitamtupia nani? Ila nitamfungia ndani, asionane na mtu."

"Usimfungie, mama," alisema abiria wa pembeni yake, mshauri wa wafungwa aliyestaafu. "Wengi niliowaona wakirudia makosa hawakuwa na kazi, rafiki wala wa kuwakemea. Mkemee, lakini usimtenge."

"Na mama wa yule binti, nitamtazamaje usoni?"

Fundi, mama wa mabinti wawili, akageuka kumtazama bibi. Basi liliposimama langoni mwa gereza, aliinuka akamshika bibi mkono, asijikwae akishuka.